Jiko la bibi larudi mjini: Twaa chungu, uache moshi

Na MWANDISHI WETU

VYUNGU vya udongo, sahani za enameli zenye ukingo wa buluu, vibuyu vya maziwa na mitungi ya maji vimeanza kurudi katika nyumba za mijini. Akina mama waliokuwa wakiviona vyombo hivyo kuwa vya watu wa mashambani sasa wanavitafuta sokoni na kuvipanga kando ya jiko la gesi na jokofu. Baadhi yao wanavipenda kwa urembo tu. Wengine wanaamini kwamba chakula cha bibi zetu wa miaka ya 1950 na 1960 kilikuwa bora kuliko hiki tunachokula leo.

Ya kale ni dhahabu, walinena wahenga. Lakini hata dhahabu haichimbwi ikatoka safi. Ni lazima ioshwe, na mchanga uachwe. Kwa familia inayotaka kuishi kwa afya, swali si kama jiko la bibi lilikuwa zuri au baya. Swali ni lipi la kuchukua humo na lipi la kuacha.

Mahali pazuri pa kulichunguza jambo hili ni kisiwa cha Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay. Kisiwa hiki kiko mlangoni mwa Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Jirani yake Rusinga imeunganishwa na bara kule Mbita, lakini Mfangano bado hufikiwa kwa chombo cha majini. Wenyeji wake ni Abasuba, ambao lugha yao ya asili ni ya Kibantu ingawa wengi sasa huzungumza Kijaluo. Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa kisiwani mwaka wa 2000, yanahifadhi urithi wa watu hao. Hata hivyo, mengi ya jiko la zamani hayajahitaji makumbusho, kwa sababu yangali yakitumika majumbani.

Jiko lenyewe lilivyokuwa

Katika nyumba nyingi za Abasuba na Waluo wa enzi hiyo, moto uliwashwa kati ya mafiga matatu. Chungu kilikuwa cha udongo, na maji ya kunywa yalikaa katika mtungi uitwao dapi, yakatekwa kwa agwata, yaani nusu ya kibuyu. Ugali ulikuwa wa mtama au wimbi, mara nyingine ukichanganywa na unga wa muhogo. Kitoweo kilikuwa samaki aliyechemshwa, au ngege aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi akawa obambla. Kando yake palikuwa na mboga: osuga, ambayo ni mnavu, dek, ambayo wengine huiita saga au mgagani, boo, yaani majani ya kunde, na apoth, yaani mrenda.

Wakati huo huo, mambo mapya yalikuwa yakiingia. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka wa 1952, na wanawake wa vijijini wakafundishwa kushona, kuoka, kulea watoto na usafi wa nyumba. Sufuria za alumini zikaanza kushika nafasi ya vyungu. Mbegu chotara za mahindi zilianza kutolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka wa 1964, na pole pole sembe nyeupe ikausukuma mtama pembeni. Sangara, aitwaye mbuta, aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amezagaa kote huku samaki wadogo waitwao fulu wakipungua vibaya.

Kwa hiyo mtu anayesema anataka "jiko la zamani" hana budi kujua kwamba hata jiko hilo lilikuwa likibadilika. Bibi naye alichagua.

Nafaka: hapa bibi alishinda

Jambo la kwanza la kurudisha ni unga. Mtama na wimbi vikisagwa vizima hubaki na pumba na kiini, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo na kuzuia sukari isipande kwa ghafla mwilini. Gramu 100 za wimbi huwa na zaidi ya miligramu 300 za kalisi, madini ya mifupa na meno. Mahindi hayaifikii hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho.

Sembe iliyokobolewa hupoteza sehemu kubwa ya vitamini na madini yake kinuni. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuongeza vitamini na madini katika unga wa mahindi wa pakiti. Hilo ni jambo jema, lakini halirudishi zile nyuzinyuzi zilizotupwa. Katika siku ambazo kisukari na shinikizo la damu vimebisha hodi karibu kila mtaa, ugali wa mtama au wimbi mara kadhaa kwa wiki si ushamba.

Uji uliochachushwa nao una faida. Uchachu hupunguza vitu vilivyomo katika nafaka ambavyo huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki, na huwafanya viini vingi vya magonjwa washindwe kuzaana. Lakini tahadhari: nafaka yenye ukungu ni sumu. Mwaka wa 2004 watu 125 walikufa katika eneo la Mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Nunua nafaka kavu, ichambue, na usage kiasi kidogo kidogo. Tahadhari zaidi na unga wa uji uliochanganywa na karanga, kwani karanga hushikwa na ukungu upesi.

Mboga chungu, afya tamu

Kwa miaka mingi mboga hizi zilidharauliwa mijini zikaitwa chakula cha maskini. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ni mmoja wa watafiti waliotumia miaka yao kuonyesha kwamba mboga za kienyeji zina vitamini na madini mengi. Mwaka wa 2021 shirika la UNESCO lilitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili, likaiweka katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Leo mnavu na saga huuzwa hata katika supamaketi.

Hata hivyo, upishi wa zamani una mahali pa kurekebishwa. Desturi ya kuchemsha mboga chungu kwa muda mrefu, kumwaga maji yake, kisha kuipasha tena kwa siku mbili tatu, huipunguzia sana vitamini C. Kutia magadi ili mboga ilainike huongeza hasara hiyo. Afadhali uichanganye mboga chungu na iliyo tamu, kama vile saga na kunde, uipike kwa muda mfupi, na umalizie kwa maziwa kama walivyofanya bibi zetu. Mafuta kidogo yaliyomo katika maziwa huusaidia mwili kuichukua vitamini A. Tia nyanya au kamua limau, kwani vitamini C husaidia madini ya chuma kufyonzwa. Na chai ingoje saa moja hivi baada ya chakula, maana huyazuia madini hayo.

Samaki: jua, chumvi na mafuta

Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mchana huanikwa ufuoni juu ya nyavu. Kwa kuwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, ni hazina ya kalisi na protini kwa bei ambayo familia nyingi zinaiweza. Tatizo ni mchanga na uchafu. Omena aliyekaushwa juu ya uchanja, mbali na ardhi, ni bora kuliko aliyemwagwa chini. Mchambue, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, kisha mkaange kwa mafuta machache au mpike kwa nyanya na vitunguu. Akikaushwa motoni vizuri na kusagwa laini, kijiko chake humfaa hata mtoto aliyefikisha miezi sita na kuanza kula uji.

Obambla naye ni mtamu, lakini ana chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Mloweke obambla, mwaga maji, mloweke tena, na usiongeze chumvi katika mchuzi. Samaki wa kukaushwa kwa moshi asiwe wa kila siku. Kuhusu sangara na ngege wa kukaangwa katika mafuta yanayotumika tena na tena, huo si utamaduni wa bibi hata kidogo. Ni mtindo wa mikahawa.

Jambo moja la kusikitisha ni kwamba kuishi kando ya ziwa si sawa na kula samaki. Utafiti uliofanywa Mfangano na kuchapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba familia za wavuvi hazikuwa zikila samaki zaidi ya majirani wao wasiovua. Samaki mzuri huuzwa; nyumbani hubaki kilichopo. Somo hilo ni letu sote: kitu bora kisiishie sokoni tu, kifike na mezani kwa watoto.

Mtungi wenye bomba

Pengine mfano bora wa kuchukua cha zamani na kukirekebisha umetoka huko huko Homa Bay. Mtungi wa udongo huyapoza maji kwa sababu hupenyeza unyevu kidogo ambao hukauka ukitoka nje, ukichukua joto. Lakini mdomo wake mpana ulikuwa na hatari: kila mtu alichovya kikombe na mkono wake humo, na magonjwa ya kuhara na kipindupindu yakapata njia.

Mnamo mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la CARE pamoja na wataalamu wa CDC kutoka Marekani waliendesha mradi wa maji salama katika eneo hilo. Hawakuwaambia watu wautupe mtungi. Wafinyanzi wa huko walitengeneza mtungi wenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba, na maji yakatiwa dawa ya klorini. Mtungi ulibaki kuwa mtungi, maji yakabaki baridi, ila mkono haukuingia tena.

Familia ya mjini inaweza kufanya hivyo hivyo. Ila ujue kwamba udongo hausafishi maji. Yachemshe au yatie dawa kwanza. Usinunue chombo kilichopakwa rangi ya mapambo kwa ajili ya chakula au maji, kwani baadhi ya rangi zina risasi. Chungu kipya cha kupikia kiloweke, kisha kichemshie uji mwepesi kwa moto mdogo ili wanga uzibe vitundu vyake. Kioshe kwa maji ya moto bila sabuni nyingi, na ukianike juani kikauke.

Uchanja wa kukaushia vyombo juani, mojawapo ya mafunzo ya usafi wa nyumbani, nao usidharauliwe. Sahani inayokaushwa na jua ni safi kuliko inayofutwa kwa kitambaa kichafu.

Kisichofaa kurudi

Moshi usirudi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa iliyochafuliwa na moto wa kupikia majumbani, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kikohozi cha bibi na macho yake mekundu havikuwa uzee tu. Ndiyo maana katika miaka ya 1980 majiko ya udongo ya kupunguza kuni yalisambazwa magharibi mwa Kenya, mojawapo likapewa jina la Maendeleo. Chungu hupika vizuri hata juu ya gesi kikiwekewa bati chini na moto mdogo. Anayetumia makaa afungue madirisha, na kamwe asilale na jiko linalowaka chumbani, kwani hewa yake huua bila harufu.

Kingine kisichofaa kurudi ni ule mzigo wote kumwangukia mwanamke mmoja: kuni, maji, kusaga, kupika na kuosha. Mama wa leo anayetoka kazini jioni hawezi kuwa bibi wa mwaka wa 1955, wala asilaumiwe. Baba achambue omena, watoto wachume mboga. Maharagwe yalowekwe usiku, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, kisha sufuria ifunikwe ndani ya kikapu kilichojazwa nguo au nyasi, iendelee kuiva bila moto. Watu wa Ulaya walitumia njia hiyo wakati wa vita vikuu vya dunia. Kabla ya kula, chakula hicho kichemshwe tena.

Tusisahau pia kwamba katika enzi hizo tunazozisifu watoto wengi walikufa kwa surua na kuhara. Chanjo, maji safi na zahanati havina badala katika chungu chochote.

Basi ukinunua chungu, kipike mnavu. Ukipamba meza kwa sahani za enameli, ziandalie ugali wa wimbi. Chombo cha zamani kikikaa rafuni ni pambo tu. Afya iko katika kile kinachopakuliwa.