MADOA MEUPE KWENYE GARI: MAJI YA KISIMA YANAVYOSHUSHA BEI YA CHOMBO CHAKO

Leo naongea na wewe ambaye chombo chako ndo ofisi yako. Una kirikuu ya kusambazia mzigo, bajaji, Noah ya abiria, IST ya kubeba watu wanaoita kwa simu, au pikipiki ya kupeleka oda. Unaosha mwenyewe nyumbani ili hela ya kuoshea ibaki mfukoni. Wazo zuri kabisa. Shida inakuja pale unapomaliza kuosha, jua linapiga, halafu gari zima linatoka vidoa vyeupe kama limenyunyiziwa chokaa. Unaosha tena, vinarudi. Wiki ya tatu vimegoma kutoka hata kwa sabuni.

Wengi wanalaumu sabuni. Wengine wanasema rangi ya gari ni feki. Mara nyingi tatizo ni maji.

MADOA YANATOKA WAPI?

Maji ya kisima yanapita kwenye udongo na mawe kabla hujayavuta juu. Huko yanabeba madini, hasa kalsiamu na magnesiamu. Ukiyaangalia kwenye ndoo ni meupe safi, huwezi kujua. Lakini tone likikaukia juu ya boneti, yanayopaa ni maji peke yake. Madini yanabaki palepale, na hicho ndo kidoa unachokiona. Ni kitu kilekile kinachofanya magamba meupe ndani ya birika la chai.

Kwa hiyo shika hili kabla ya yote: doa halitokani na kulowa, linatokana na KUKAUKA. Tone ulilolifuta haliachi doa. Tone ulilolisahau ndo linaacha.

Dar watu tunaita yote "maji ya chumvi", ila yako ya aina mbili. Kuna chumvi yenyewe, ile unayoionja mdomoni. Hiyo inatoka kirahisi ukisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lakini ikibaki inaharakisha kutu chini ya gari na kwenye maungio ya bodi. Halafu kuna hayo madini ya chokaa. Hayo hayana haja ya kuonjeka mdomoni, ila yanang'ang'ania kwenye rangi na kioo. Visima vingi vya maeneo ya pwani vina vyote viwili. Dodoma nako, watu wanaotumia maji ya visima wanayajua magamba ya birika vizuri tu.

PIMA MAJI YAKO BURE

Huhitaji maabara. Fanya hivi:

1. Chukua kipande cha kioo, kifute kiwe safi. Weka tone moja la maji ya kisima, pembeni weka tone la maji ya mvua. Acha juani yakauke. Tone litakaloacha duara jeupe ndo adui yako.
2. Sugua sabuni ya kipande kwenye maji. Kama povu linakuja kwa shida na juu panaelea utandu kama uji, maji yako ni magumu.
3. Angalia birika au sufuria ya kuchemshia. Magamba yapo? Basi jibu unalo.

Tusidanganyane hapa: shabu inatuliza tope, haitoi madini haya. Dawa ya kuua vijidudu nayo haiyatoi. Kuchuja kwa kitambaa ndo kabisa, unatoa taka tu. Na maji mengi ya chupa ya dukani yana madini, soma lebo utaona yametajwa.

SIRI NI DUMU MOJA LA MWISHO

Watu wanafikiri lazima waoshe gari zima kwa maji laini. Hapana. Osha na suuza kwa maji yako ya kisima kama kawaida. Kinachotakiwa ni maji ya MWISHO kugusa gari yawe laini. Kwa gari dogo dumu moja la lita 20 linatosha ukimwaga kwa utaratibu. Pikipiki lita 5 zinatosha.

Maji laini utayapata wapi?

- Mvua. Hayo ni ya bure na hayana madini ya ardhini. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha kinga. Wakati wa masika jaza madumu yako, funika, weka kivulini.
- Maji ya AC. Yale yanayodondoka nje ya duka au ofisi yenye AC ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, karibu hayana madini kabisa. Omba wakuwekee ndoo. Yachuje vumbi. Hayafai kunywa, ila kwa gari ni dhahabu.
- Maji ya bomba yanayotoka mtoni. Kwa Dar, maji mengi ya DAWASA yanatoka Mto Ruvu, na kwa kawaida yana madini machache kuliko ya kisima cha mtaani. Yapime kwa kile kioo kwanza.

JINSI YA KUOSHA HATUA KWA HATUA

1. Chagua muda. Alfajiri au jioni jua likishuka. Ukitoka safarini acha boneti ipoe. Bodi ikiwa ya moto tone linakauka kabla hujageuka.
2. Tafuta kivuli. Chini ya mti ni sawa, ila angalia utomvu na ndege.
3. Mwaga maji ya kutosha kutoa vumbi na mchanga kwanza. Ukianza kusugua juu ya mchanga unachora rangi.
4. Ndoo mbili. Moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Tumia shampuu ya gari. Sabuni ya unga inaondoa waksi, na kwenye maji magumu inaacha utandu wake juu ya utandu.
5. Anzia juu kwenda chini, paa kwanza, tairi mwisho. Osha kipande, suuza kipande. Usipake sabuni gari zima halafu ukapokee simu ya mteja.
6. Usiache pakauke katikati ya kazi. Upande uliomaliza uendelee kuulowesha mpaka mwisho.
7. Sasa lile dumu la maji laini. Usirushe kwa nguvu. Mwaga taratibu kuanzia paa, maji yashuke kama shuka. Yakishuka hivyo yanaondoka na matone.
8. Kausha PAPO HAPO. Vitambaa viwili vya maikrofaiba: cha kwanza kinanyonya maji, cha pili kikavu kinamalizia. Fungua milango, futa kingo, chini ya vioo vya pembeni na kwenye vitasa. Maji yaliyojificha huko ndo yanakuja kuchuruzika ukianza kuendesha.

Kama maji laini huna kabisa, hatua ya 8 peke yake inaokoa sehemu kubwa. Kisima na taulo ni bora kuliko maji ya mvua yaliyoachwa yakauke yenyewe juu ya vumbi.

MADOA YAMESHAKAA, NIFANYEJE?

Tumia siki nyeupe ya dukani. Changanya nusu siki nusu maji laini. Gari liwe kivulini na bodi iwe ya baridi. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika moja au mbili, futa taratibu, suuza kwa maji mengi, kausha. Usiache siki ikaukie kwenye rangi. Limau linafanya kazi hiyohiyo, chuja nyama zake. Siki itaondoa na waksi iliyopo, kwa hiyo ukimaliza paka waksi upya.

USITUMIE stili waya, msasa, dawa ya kusafishia choo wala asidi ya betri. Doa litatoka, na rangi itatoka nalo.

Mimi dukani nauza polishi na waksi, lakini nakwambia ukweli: waksi haizuii doa kama hukaushi. Inafanya maji yasimame kama shanga, na kila shanga ikikauka ni doa. Faida yake ni kwamba doa linakaa juu ya waksi, sio kwenye rangi yenyewe, hivyo linatoka kirahisi.

Doa lililokaa miezi juani linaweza kula rangi. Hapo siki haisaidii, inabidi kupigwa polishi kwa mashine, na kila ukipiga, rangi inapungua unene.

HELA IKO WAPI HAPA?

Kwanza, usalama. Kioo cha mbele chenye madoa, usiku taa za gari linalokuja zinatawanyika machoni. Chombo kikigonga, biashara imesimama.

Pili, bei ya kuuzia. Mnunuzi akikuta paa limefifia na vioo vina ukungu, anaanza kushusha kabla hata hajawasha injini.

Tatu, kama wewe ndo unayeosha magari ya watu uani kwako, hapa una silaha. Jirani yako anaosha kwa kisima na kuacha jua likaushe. Wewe weka pipa la maji ya mvua na taulo safi, mwambie mteja "kwangu gari halitoki na madoa". Kisha piga hesabu: dumu la mwisho linakugharimu shilingi ngapi? Liingize kwenye bei yako, usilitoe kama zawadi. Mteja wa gari jeusi atakuelewa haraka kuliko wote, maana kwake kila kidoa kinaonekana.

Kesho asubuhi kabla ya kutoka, fanya lile jaribio la kioo. Mtumie na mwenzako anayeosha kwa maji ya kisima. Kazi njema.