Kumbikumbi wa Uzi

Askari alilizungusha lile bomba mikononi, akaligonga kwa kucha, akalisogeza sikioni kama mtu anayechagua nazi. "Mzee, humu mna nini?"

Tulikuwa kwenye kizuizi kimoja upande wa Kibondo, jua ndiyo kwanza linachomoza, abiria wote tumeshushwa na vitambulisho viko mkononi. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kasulu kwa basi, kupitia Kahama na Nyakanazi, vizuizi haviwi vigeni kwake. Sisi Waha tumevizoea zaidi, maana lafudhi yetu humfanya mtu aulizwe mara mbili kama kweli si wa ng'ambo ya mpaka. Lakini bomba la alumini lenye urefu wa mkono mzima na kifuniko cha kuzungusha, hilo lilikuwa jambo jipya hata kwa askari wenyewe.

"Ni fimbo ya kuvulia samaki."

"Fimbo ya samaki inakatwa mtoni, mzee. Fungua."

Nikafungua. Vilikuwa vipande vinne. Nikaviunga kimoja kimoja hadi fimbo ikatimia futi tisa. Abiria wakasogea. Askari akataka kuona inavyofanya kazi. Basi palepale juu ya lami, mimi, msajili msaidizi wa chuo kikuu, nikafunga kipande cha sufi mwishoni mwa mshipi nikaurusha: nyuma, nikangoja, kisha mbele. Mshipi ukajikunjua hewani taratibu, ukatua karibu na tairi la basi bila kishindo. Mama mmoja aliyepakata kuku kwenye kikapu akasema, "Huyu mganga." Watu wakaangua kicheko, askari naye akacheka, tukapanda basi.

Swali la askari yule nimeulizwa na wengi, wakiwemo wa nyumbani kwangu. Humu mna nini?

Mvuvi wa kawaida hutegemea uzito wa chambo au timazi. Akirusha, kile kizito ndicho kinachovuta mshipi. Katika uvuvi wangu mambo yamegeuzwa. Chambo ni mdudu wa bandia aliyefungwa kwa uzi na manyoya kwenye ndoana ndogo, mwepesi kiasi kwamba ukimpuliza anaondoka. Uzito umewekwa kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una ganda la plastiki. Fimbo inaurusha mshipi, mshipi unambeba mdudu. Kazi ngumu ni kule kungoja. Mshipi ukiwa nyuma yako huuoni, na lazima uuache unyooke kabisa kabla ya kuuvuta mbele. Ukiharakisha, unalia kama kiboko, na mdudu wako anakatika na kupotelea majanini.

Si jambo la jana. Mrumi mmoja, Claudius Aelianus, aliandika miaka kama 1,800 iliyopita kwamba watu wa Makedonia walifunga sufi nyekundu na manyoya ya jogoo kwenye ndoana ili kuwadanganya samaki wa mto wao. Wazungu walipokuja Kenya wakaleta na samaki wa kufanyia mchezo huo: mwaka 1905 Ewart Grogan alipandikiza trauti kutoka Uskochi katika Mto Gura, milima ya Aberdare, na mpaka leo mito ya Nyeri ina wajukuu wao. Trauti hutaka maji ya baridi kali. Kwetu Kitanga hawezi kuishi, na sijawahi kumsikitikia.

Kwetu kuna perege na kambale, na kuna Malagarasi. Mto huu unaanzia mpakani na Burundi, unapanda kaskazini-mashariki, kisha unageuka na kuizunguka nchi ya Buha hadi unamwaga maji Ziwa Tanganyika, safari ya kilomita 475. Wataalamu wanasema ni mkongwe kuliko ziwa lenyewe: ndani yake wamo samaki ambao ndugu zao wako Mto Kongo, wala ziwani hawaonekani. Mwaka 2000 ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi iliingia kwenye orodha ya Ramsar, ya kwanza kutoka Tanzania. Sisi tulioyakuta maji yale tuliyajua kwa njia nyingine.

Baba yangu alikuwa manamba. Akiwa kijana alichukuliwa na Silabu, lile shirika la kuajiri vibarua wa mkonge lililoanzishwa mwaka 1944, akaenda Tanga kama walivyokwenda maelfu ya Waha. Alirudi na blanketi, sanduku la bati, na ufundi mmoja: kusokota katani. Alikaa kizingitini, akakunja suruali, akaiviringisha katani pajani kwa kiganja mpaka ikawa uzi usiokatika. Uzi huo ulifunga mbuzi, ulishona magunia, na ulisuka migono tuliyotega kwenye kijito baada ya Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 kutukusanya kijijini. Nasema "tulitega", ingawa mimi nilizaliwa mwaka uliofuata.

Kutega mgono hakuna mbwembwe. Unauzamisha jioni, mdomo ukielekea mkondo unakotoka, unauinua asubuhi. Nilikuwa na miaka saba au minane nilipoinua mmoja nikamkuta perege mkubwa kidevu kimemvimba kama mtu aliyejaza ugali mdomoni. Nikapiga kelele za furaha. Baba akaja, akamtazama, akamshusha majini pamoja na mkono wake, akafungua vidole taratibu. Perege jike hulea mayai mdomoni. Hali chakula mpaka vifaranga waweze kujitegemea, na akishtuliwa huwatema. Baba hakunieleza hayo yote. Alisema tu kwa Kiha kwamba huyo ana watoto. Siku hiyo tulikula maharage.

Maisha yakanipeleka shule, kisha chuo, kisha ofisini. Msomaji ambaye hajawahi kukaa upande wetu wa kaunta anadhani chuo kikuu ni maprofesa na majoho. Chuo ni karatasi. Mimi ndiye ninayejua nani kadisko na kuondolewa chuoni, nani ana supu tatu za kurudia mitihani, nani kakeri somo la mwaka wa kwanza mpaka mwaka wa tatu, na kwa nini bumu la mkopo la kozi fulani halijaingia wakati la wenzao limeingia. Naandika mihtasari ya vikao ambamo watu wenye shahada za uzamivu wanabishana dakika arobaini juu ya neno "aidha". Naipenda kazi hii. Mzazi akitoka Kakonko na mwanawe mwenye jina lililoandikwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa na namna nyingine kwenye cheti cha kidato cha nne, akaondoka kwangu akiwa amesajiliwa, siku yangu imekwisha vizuri.

Kazi hiyo ndiyo iliyonipeleka Dundee, Uskochi, kwa mafunzo ya miezi mitatu. Mzee mmoja wa ofisi ya mitihani alinipeleka uwanjani siku ya Jumamosi, akanipa fimbo na kipande cha sufi badala ya ndoana, nikajifunza kurusha kwenye majani makavu mbele ya mbwa na watoto. Baadaye tukaenda Mto Tay. Sikupata kitu. Yeye alipata samaki mmoja mzuri, akamvua ndoana, akamrudisha majini. Nilidhani amemponyoka, nikampa pole.

Huko nilisikia habari ya Georgina Ballantine, ambaye tarehe 7 Oktoba 1922, akivua na baba yake kwenye mto huohuo, alimtoa samoni wa ratili 64, yaani kilo 29. Rekodi ya Uingereza ya samoni wa fimbo bado ni yake, miaka zaidi ya mia. Hakutumia mdudu wa manyoya, alitumia chambo kingine, lakini nilipomsimulia mke wangu hakushughulika na hilo. Aliuliza samaki alikwenda wapi. Nikamwambia alipelekwa hospitali ya Perth, wakala wagonjwa. "Unaona?" akasema. "Hata huyo hakurudishwa."

Julai ya 2021 nilichukua fimbo nikaenda nayo Kitanga. Baba alikuwa ameshapita miaka themanini. Nilimwekea kigoda kando ya maji, nikaanza kurusha. Baada ya muda akauliza, "Mwanangu, unawachapa?" Julai ni kiangazi, maji yamepungua na samaki wamelala chini, lakini saa kumi jioni perege mmoja wa kiganja aliingia. Nikamwonyesha Baba, nikamrudisha kama nilivyofundishwa Uskochi, nikangoja sifa.

Akanyamaza sana. Kisha akasema, "Yule wa zamani tulimrudisha kwa sababu alikuwa na watoto. Huyu umemrudisha kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu. Nimehudhuria vikao vingi vya seneti, sijawahi kukosa jibu kiasi kile.

Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo Uskochi hawalijui. Alisema kama nataka kuvua kwa mdudu wa uongo nije Novemba, mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi wakitoka. Jioni ile ardhi inachemka wadudu. Watoto wanakusanya kwenye ndoo kwa kukaanga, kuku wanashiba mpaka wanashindwa kutembea, na wale wanaoangukia mtoni wanafuatwa na kila samaki mwenye mdomo. Maji yanatoka vipele. Hapo ndipo mdudu wa uzi anapokuwa na maana.

Ila Novemba ndiyo kaburi la wasajili. Dirisha la udahili limefungwa, wa mwaka wa kwanza wamewasili na mabegi, mfumo unagoma, foleni inafika getini. Novemba ya 2022 Baba alipiga simu, nikaisikia mvua ikipiga bati nyuma ya sauti yake. "Wametoka," akasema. Mbele yangu walikuwa wanafunzi kama sitini. Nikamwambia mwakani, Baba. Akasema sawa, kazi ni kazi. Alifariki Machi.

Novemba ya 2023 niliomba likizo ya kwenda kujengea kaburi, nikapewa. Binti yangu alikuwa amemaliza darasa la saba mwezi Septemba, yuko nyumbani anazungukazunguka, nikaenda naye. Vidole vyake ndivyo vilivyofunga kumbikumbi wetu, kwani vyangu vimekuwa vinene kwa kalamu. Ndoana inabanwa kwenye koleo. Sufi ya kahawia inaviringishwa kuwa tumbo. Manyoya ya shingoni mwa jogoo, yale membamba yenye kung'aa, yanakatwa manne yalingane, mawili kila upande, yakilala kuelekea nyuma. Kumbikumbi ana mabawa manne na yote yana urefu mmoja. Unyoya wa tano unazungushwa kichwani uwe miguu, ndio unaomfanya aelee. Uzi mweusi wa cherehani ya mama yake unafunga yote, na fundo la mwisho linapakwa tone la rangi ya kucha lisifunguke. Rangi iliyokuwepo ilikuwa nyekundu. Kumbikumbi wote wa familia yetu wana vichwa vyekundu, na perege hawajalalamika.

Ilinyesha siku ya nne. Nilikuwa bado na saruji viganjani. Binti alirusha vibaya, mshipi ukaanguka rundo moja, na samaki akaingia kabla hata haujanyooka. Alikuwa perege wa kutosha sahani, dume, mdomo mtupu. Binti akanitazama. Nikamwambia ampelekee bibi yake.

Mama yangu alimpika kwa nyanya na mawese, tukamla kwa ugali wa muhogo. Tangu siku hiyo kwetu kuna utaratibu, na nimeuandika kwenye daftari kama muhtasari wa kikao: anayetosha sahani, jikoni; mdogo, anarudi; mwenye kidevu kilichovimba, aliyeingia mgononi, anarudi bila mjadala. Leseni tunakata kwenye ofisi ya uvuvi, kwa sababu Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 haiulizi kama wewe unacheza au unatafuta kitoweo. Mwaka 2024, serikali ilipofunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, Mama alinipigia simu. "Waambie wakubwa zako," akasema, "hata serikali imeanza kufanya kama mzee."

Mke wangu bado anasema mshahara wangu unaishia kwenye ndoana. Si kweli, fimbo ni ileile ya kwenye bomba. Barua yangu ya kuomba likizo ya Novemba iko mezani kwa mkubwa wangu, ukurasa mmoja, sababu nimeandika "shughuli za kifamilia". Kinachotupungukia ni manyoya. Jogoo wa Mama wamebaki wawili, na amewakataza wajukuu wasiwasogelee. Kwa hiyo, msomaji, ukichinja jogoo mwekundu siku ya sikukuu, ngozi ya shingo usimtupie mbwa. Ianike kwa chumvi, uniwekee.