Mbwa Anajikuna Wapi?

Katika maduka mengi ya dawa za mifugo, mazungumzo huwa mafupi. Mteja anasema mbwa wake anajikuna usiku kucha na manyoya yananyonyoka. Muuzaji anauliza uzito, au hata haulizi, kisha anatoa chupa ya aivamektini iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, bomba la sindano, na maelekezo ya kuchoma chini ya ngozi. Mbwa wengi hupona kwa njia hiyo, ndiyo maana desturi imeshika. Wengine hawapati nafuu yoyote, kwa sababu kinachowawasha si kile ambacho dawa hiyo inaua. Wachache hufa.

Muwasho ni dalili tu. Nyuma yake kunaweza kuwa na viroboto, upele, fangasi, bakteria, mzio wa vumbi au wa chakula, na mara nyingi vimeungana viwili au vitatu kwa pamoja. Ndiyo maana daktari wa mifugo makini, kabla hajagusa sindano, huuliza: anajikuna wapi? Kila kisababishi kina sehemu zake za mwili kinazozipenda, na mwenye mbwa anaweza kuziona bila kifaa chochote. Tabu ni kwamba mbwa wetu wengi ni wa ulinzi. Mchana kutwa amefungiwa bandani, usiku anafunguliwa, na mwenyewe humwona vizuri siku ambayo mgongo umeshabaki upara.

Upara huo ukianzia kiunoni, shina la mkia na nyuma ya mapaja, wa kwanza kushukiwa ni kiroboto. Asiyeona kiroboto asiridhike upesi, maana mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto huwashwa sana hata kwa kuumwa mara chache, na mdudu mwenyewe huweza kuwa ameshamezwa mbwa alipokuwa anajing'ata. Kinachotafutwa ni kinyesi chake. Pitisha chanuo lenye meno ya karibu karibu pale juu ya mkia, kung'utia zile chembe nyeusi kwenye karatasi nyeupe ya chooni, kisha idondoshee maji. Mchanga utabaki mchanga. Chembe ikianza kutoa mviringo mwekundu uliofifia, hiyo ni damu ya mbwa iliyopita tumboni mwa kiroboto.

Kumwogesha mbwa hakumalizi kazi. Jike la kiroboto hutaga mayai yapatayo 40 hadi 50 kwa siku, nayo hayakai mwilini. Huporomoka popote mbwa alalapo. Wataalamu hukadiria kwamba viroboto wazima walio juu ya mnyama ni kama asilimia 5 tu ya jeshi lote. Waliobaki ni mayai, viluwiluwi na mabuu walio kwenye nyufa za sakafu, chini ya mkeka, ndani ya gunia alilotandikiwa. Buu huweza kusubiri ndani ya kifuko chake kwa miezi, hadi lisikie mtikisiko, joto au pumzi ya kiumbe. Hapo ndipo familia inaporudi kutoka likizo ya kijijini na kukuta nyumba iliyokuwa tupu imejaa viroboto wenye njaa. Kwa hiyo dawa hupewa mbwa na paka wote wa nyumba, matandiko yanafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, banda linafagiliwa hadi pembeni, na kazi hiyo hurudiwa kwa takriban miezi mitatu. Tahadhari moja: dawa nyingi za kudondoshea mbwa mgongoni zina pamethrini, nayo ni sumu kali kwa paka. Kila mnyama apewe yake.

Kupe hulaumiwa kwa muwasho kuliko anavyostahili. Ubaya wake uko ndani ya damu: kupe kahawia wa mbwa hueneza maradhi ya ehrlichia, ambayo huko nyuma yalijulikana pia kama ugonjwa wa kutoka damu wa Nairobi, kwa sababu mbwa walioambukizwa walivuja damu puani.

Sasa tuhamie masikioni. Mbwa mwenye magamba na vipara kwenye kingo za masikio, viwiko, visigino na tumboni, ambaye hatulii hata chakula kikiwa mbele yake, pengine ana upele. Unaletwa na utitiri usioonekana kwa macho, ambao jike lake huchimba handaki ndani ya ngozi na kutaga humo. Kuna jaribio la kushangaza linaloweza kufanywa barazani. Shika ukingo wa sikio la mbwa, uukunje, uusugue kwa kidole kwa sekunde kadhaa. Mguu wa nyuma wa upande huo ukianza wenyewe kukuna hewa, shaka inakua. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001, uliohusisha mbwa 588, uliona mwitikio huo kwa zaidi ya wanane kati ya kila kumi wenye upele, na kwa wachache sana kati ya wasio nao. Kukwangua ngozi na kuitazama kwa hadubini kunaaminika zaidi machoni pa watu, lakini upele hujificha: mara nyingi utitiri haupatikani ingawa upo, na daktari huamua kutibu kwa dalili.

Dalili nyingine ni wenye nyumba wenyewe. Watoto wanaombeba mbwa hupata vipele vyekundu mikononi na tumboni, pale wanapomkumbatia. Utitiri wa mbwa hauwezi kuendeleza kizazi chake kwenye ngozi ya binadamu, kwa hiyo vipele hivyo huisha mbwa akishatibiwa.

Hapa ndipo aivamektini ilipojijengea jina. Waliochangia kuigundua, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na inaua kweli utitiri wa upele. Mkasa wake unaanzia kwenye ubongo. Kwa kawaida mwili wa mbwa una protini inayoisukuma dawa hii nje kabla haijaingia ubongoni. Mwaka 2001 watafiti walieleza kwa nini mbwa wa aina ya Collie walikuwa wakiugua na kufa kwa dozi ambazo wengine hawakuzihisi: jeni inayotengeneza protini hiyo, iitwayo MDR1, ina kasoro. Nchini Marekani, Collie watatu kati ya wanne wanayo. Hapa kwetu Collie ni nadra, ila German shepherd yuko kila mtaa wenye geti, na baadhi yao, pamoja na machotara wao, hubeba kasoro hiyo hiyo. Mbwa aliyepata sumu hutoa udenda, huyumba, mboni hutanuka, macho hayaoni, kisha huzimia. Hakuna dawa ya kuifuta sumu hiyo; hutunzwa tu hadi mwili uiondoe. Na hata asiye na kasoro hayuko salama mkononi mwa mtu anayekisia. Dawa iliyotengenezwa kwa mnyama wa kilo 400 ina nguvu kiasi kwamba kosa dogo kwenye bomba ni kosa kubwa kwa mbwa wa kilo 12.

Hali ni hiyo hiyo kwa dawa ya josho. Amitrazi ya joshoni hutumika kwa mbwa pia, lakini kwa kipimo chake. Ikichanganywa kwa kubahatisha humlegeza mbwa, hupunguza mapigo ya moyo na kupandisha sukari. Oili chafu kutoka gereji, ambayo bado inapakwa mbwa mitaani, haina hata kipimo cha kuzungumzia. Inaunguza ngozi iliyokwisha chubuka, na mbwa huilamba yote. Vidonge na matone ya kizazi kipya, kama vile fluralana na afoksolana, vilivyoanza kuuzwa katika muongo uliopita, huua viroboto, kupe na utitiri kwa mkupuo. Bei yake inauma, na havimfai mbwa mwenye kifafa bila ushauri, ila ukijumlisha chupa tatu za kubahatisha na gharama ya kumwokoa mbwa aliyelewa sumu, hesabu hubadilika.

Mtoto wa mbwa mwenye vipara vidogo usoni na kwenye miguu ya mbele asiyejikuna sana huenda ana utitiri wa aina nyingine, demodeksi, aliopewa na mama yake siku za kwanza za kunyonya. Hauambukizi watu, na vipara vichache mara nyingi hupona vyenyewe.

Miguu ina hadithi yake. Mbwa anayelamba nyayo akaguliwe kwanza funza, hasa mahali penye vumbi na mchanga. Mdudu huyo si mwenyeji wa Afrika: alifika Angola kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameshavuka bara hadi pwani ya mashariki. Mbwa na nguruwe ni miongoni mwa wanaomhifadhi, kwa hiyo nyumba inayotoa funza miguuni mwa watoto huku ikimwacha mbwa inazunguka pale pale.

Nyayo zikiwa safi, na mbwa bado analamba vidole hadi manyoya yanageuka rangi ya kutu, fikiria mzio wa hewa: vumbi la ndani, chavua, ukungu. Mwaka 2010 Claude Favrot wa Zurich na wenzake, baada ya kuchunguza zaidi ya mbwa 800 wenye muwasho, walitoa vigezo ambavyo madaktari bado wanavitumia. Muwasho ulianza kabla ya umri wa miaka mitatu. Mbwa huishi zaidi ndani. Aliwashwa kabla ngozi haijaharibika. Miguu ya mbele na masikio yameathirika, lakini kingo za masikio ni nzima na kiuno hakina neno. Yaani karibu kinyume kabisa cha upele na viroboto.

Mzio huu hauponi, unadhibitiwa. Ngozi iliyokunwa hushambuliwa na bakteria na hamira ya ngozi, mbwa akatoa mafuta na harufu ya uvundo, na muwasho ukaongezeka maradufu. Shampuu yenye klorheksidini na mikonazoli husaidia sana, ila povu lazima likae dakika 10 kabla ya kusuuza. Wengi humwaga na kusuuza hapo hapo, kisha wakasema dawa ni feki. Prednisoloni hutuliza muwasho haraka, na kwa sababu hiyo hutumiwa vibaya: mbwa mwenye upele akipewa peke yake, kujikuna hupungua huku utitiri ukistawi. Ikishatumika kwa muda haikatizwi ghafla. Dozi hushushwa kidogo kidogo.

Kilichobaki ni chakula, na hapo hakuna njia ya mkato. Katika uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya visa vya mbwa wenye mzio wa chakula, nyama ya ng'ombe iliongoza kwa asilimia 34, ikifuatwa na maziwa, kuku na ngano. Njia inayoaminika ya kujua ni kumlisha mbwa protini ambayo hajawahi kuila. Kwa aliyekuzwa kwa ugali, dagaa na mifupa ya ng'ombe, sungura na viazi vitamu vinaweza kufaa, kwa wiki 8. Wiki 8 bila utumbo wa kuku, bila maziwa yaliyobaki kikombeni, bila mfupa unaorushwa na jirani juu ya ukuta. Mlinzi na watoto waambiwe mapema, kwa sababu kipande kimoja huharibu jaribio lote. Muwasho ukipungua, chakula cha zamani hurudishwa kwa makusudi. Wengi hukataa hatua hiyo, wakiona ni ukatili kumrudisha mbwa kwenye mateso, lakini asiporudishiwa hakuna ajuaye kama aliponywa na sungura au na msimu uliobadilika. Chakula kikiwa ndicho chenye kosa, mbwa ataanza kujikuna tena ndani ya siku chache, wiki mbili zikizidi sana. Kisha anarudishiwa sungura, na vyakula vinajaribiwa kimoja kimoja hadi kijulikane kipi kiondolewe bakulini moja kwa moja.