Mtoto wa Maji ya Kunde Asirudi Nyumbani Mweupe: Jinsi ya Kupata Rangi Moja Katika Picha za Studio

Siku ya Idi, studio za mitaani kwetu hujaa familia zilizovaa nguo mpya. Ikifika magharibi, mpiga picha ana picha mia mbili au zaidi kwenye kamera, na wateja wanazitaka kesho. Hapo ndipo mambo huharibika. Picha zikitoka, mtoto yuleyule ni maji ya kunde katika picha ya kwanza, wa manjano katika ya pili, na katika ya tatu amekuwa kama aliyepakwa unga. Kanzu ya babake ni nyeupe hapa, ya samawati pale. Mteja anasema studio haijui kazi. Mpiga picha anasema kompyuta ndiyo mbovu.

Mara nyingi kompyuta haina kosa. Kilichotokea ni kwamba kila picha imeamuliwa rangi yake peke yake. Ukitaka picha mia mbili ziwe na rangi moja, uamuzi nao uwe mmoja, na uanze kabla ya picha ya kwanza kupigwa.

Nuru ina rangi

Nuru zote si nyeupe. Rangi ya nuru hupimwa kwa kipimo kiitwacho Kelvini. Balbu ya zamani ya waya huwa karibu na 2700, nayo ina umanjano. Jua la mchana na fleshi za studio huwa karibu na 5500. Kivuli cha siku yenye anga safi hupanda zaidi ya 7000, na huleta ubuluu. Jicho la mwanadamu hujirekebisha lenyewe: leso nyeupe utaiona nyeupe juani, na utaiona nyeupe chini ya balbu. Kamera haina akili hiyo. Lazima iambiwe ni nuru gani iliyo mbele yake.

Ukiiacha kamera ijichagulie, itakisia upya kila unapobonyeza. Akisimama mama mwenye leso nyekundu iliyojaa picha nzima, itakisia hivi. Akija bintiye mwenye gauni la kijani, itakisia vingine, ijapokuwa taa hazikuguswa. Mwangaza nao ni hivyo hivyo. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni cha wastani, si cheupe sana wala cheusi sana. Kwa hivyo buibui jeusi likijaa picha, huongeza mwangaza na uso ukachujuka. Kanzu nyeupe ikijaa, hupunguza na uso ukawa na giza. Mume na mke wamepigwa dakika moja, lakini kila mmoja ametoka na ngozi isiyo yake.

Kazi ya kabla ya kompyuta

Kwanza, tumia nuru ya aina moja. Funga pazia la dirisha, zima balbu ya dari, ubaki na taa zako za studio tu. Nuru mbili za rangi tofauti zikikutana usoni, shavu moja huwa la manjano na la pili la buluu, na kuzitenganisha baadaye ni kazi ngumu. Angalia pia kuta. Ukuta wa kijani au wa waridi ulio karibu na mteja hurudisha rangi yake usoni. Rangi nyeupe isiyong'aa au ya kijivu ni salama zaidi. Ukinunua taa za LED, tafuta kwenye boksi herufi CRI, na namba iwe 95 au zaidi. Taa duni hazitoi wekundu wa kutosha, na ngozi zetu zina wekundu mwingi ndani yake.

Pili, iondolee kamera ruhusa ya kukisia. Ingia kwenye sehemu yenye herufi WB, uweke namba ya Kelvini mwenyewe. Mwangaza nao uuweke kwa mkono, usiuguse mpaka taa zihamishwe.

Tatu, tumia kadi ya kijivu. Ni kadi ndogo isiyo na rangi nyingine yoyote ndani yake. Mteja wa kwanza aishike karibu na uso, upige picha moja. Kila ukihamisha taa, piga nyingine. Usitumie karatasi nyeupe ya dukani, kwa sababu nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha inayoleta ubuluu. Mwenye uwezo zaidi anaweza kununua ubao wa ColorChecker, wenye vipande 24 vya rangi, uliotumika tangu 1976.

Nne, hifadhi picha kwa faili ghafi, yaani RAW. Faili la JPEG limeshapikwa ndani ya kamera. Ukilirekebisha sana, rangi hukatika.

Kwenye kompyuta

Usianze na picha ya kwanza kisha ya pili kisha ya tatu, ukipima kwa macho. Macho huchoka na kuzoea, na picha ya mia hutoka tofauti na ya kwanza. Zipange picha kwa makundi ya nuru, si kwa majina ya wateja. Zilizopigwa chini ya taa zilezile ni kundi moja. Ukiwa na kamera mbili, kila kamera iwe na makundi yake, kwa sababu kila kamera huona rangi kwa namna yake.

Katika kila kundi, chukua picha yenye kadi. Bonyeza kijivu kwa ile alama ya kitone cha wino iliyo katika programu kama Lightroom, kisha sawazisha mwangaza. Hiyo ndiyo picha mama. Nakili marekebisho yake kwa kundi zima. Yanayonakiliwa ni rangi ya nuru, mwangaza na ukali wa vivuli. Mkato wa picha na kuondoa chunusi usinakili, kwa kuwa hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Na usibonyeze marekebisho ya otomatiki kwa kundi zima: programu itapima kila picha peke yake, nawe utarudi ulikotoka.

Mwisho zitazame zote kwa pamoja zikiwa ndogo. Iliyopotoka hujitokeza yenyewe, kama kanzu chafu katika safu ya msikitini. Kabla ya kuchapisha zote, chapisha moja uilinganishe na skrini. Zitoe kwa mfumo wa sRGB, isipokuwa mchapishaji akikuomba mwingine.

Usawa si ukweli

Kuna jambo moja la kuangaliwa zaidi. Vijana wengi hununua au kupakua filta zilizotengenezwa kwa nuru na ngozi za nchi nyingine, wakazimwaga juu ya picha mia mbili. Rangi itakuwa moja, ni kweli, lakini itakuwa ya uongo katika picha zote mia mbili.

Jambo hili si geni. Tangu miaka ya 1950, maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha ya kwanza. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha dunia, na watu weusi wakatoka kama vivuli. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Leo kipimo kimo mikononi mwetu wenyewe. Itakuwa ajabu tukikirudisha kule.

Nawe mteja una njia ya kukagua. Mwangalie bi harusi mikono yake. Hina ikiwa ya hudhurungi yenye wekundu kama ulivyoiona, na piko likawa jeusi, rangi ni ya kweli. Hina ikigeuka chungwa au zambarau, na uso nao umegeuka. Irudishe kabla albamu haijafungwa, kwa sababu picha hiyo ndiyo watakayoonyeshwa wajukuu wakiuliza bibi yao alikuwa na sura gani.