Mtengenezaji saa na fundi wa saa: Ni watu wawili au mmoja?

Mpe mwanafunzi wa kidato cha pili neno la Kiingereza 'watchmaker' alitafsiri, atakuandikia 'mtengenezaji saa'. Mpeleke huyo huyo mjini Embu au Meru, penye kimeza chenye kisanduku cha kioo na mzee aliyebana lenzi jichoni, naye atasema, "Huyu ni fundi wa saa."

Wapo walimu wanaoshikilia kwamba hao ni watu wawili: wa Uswisi au Japani hutengeneza, huyu wetu anarekebisha tu. Sikubaliani nao, na ushahidi umo ndani ya kitenzi chenyewe.

'Tengeneza' kimetokana na 'tengenea', yaani kuwa katika hali nzuri, kukaa sawa. Ukikitia kiambishi cha usababishi unapata kukifanya kitu kikae sawa. Kitenzi hakijali kama kitu hicho kilikuwapo awali. Ndiyo maana tunatengeneza chai, ambayo haikuwapo, na tunatengeneza barabara iliyokuwapo ikaharibika. Anayetaka kutofautisha ana 'unda' upande mmoja na 'rekebisha' upande wa pili. Kikuyu, ndugu wa karibu wa Kiembu, nacho kina 'thondeka' inayobeba maana zote mbili. Basi mwenyeji wa huku haoni ajabu kusema, "Nimepeleka saa itengenezwe."

Hata huko ng'ambo, wengi wanaoitwa 'watchmaker' hufanya kazi ya kurekebisha saa zilizoundwa na wengine. Jina halikuwatoka.

Na 'fundi' je? Neno hili ni la ukoo wa 'funda', mzizi uliotupa 'mafunzo' na 'mwanafunzi'. Fundi ni mtu aliyefundwa akaiva. Hapo ndipo penye uchungu, maana mteja humwona kama mbadilishaji betri. "Si ni betri tu? Mbona mia tatu?" Kwani ni betri tu? Ndani ya saa hiyo mna kipande kidogo cha fuwele kinachotikisika mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya ufunguo haina betri kabisa: kamani ndiyo inayosukuma magurudumu, na fundi huyafungua moja moja, akayaosha, akatia mafuta tone dogo kuliko kichwa cha pini. Akikosea kidogo, saa inakimbia au inachelewa.

Simu imemwondolea wateja wengi, na akiondoka yeye ataondoka na maneno. Ni wangapi darasani wanaojua 'akrabu'? Ndiyo mshale wa saa, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya nge. Siku hizi wanafunzi huandika 'mikono ya saa', Kiingereza kilichovaa kanzu.

Akrabu fupi ikiwa kwenye 1 mchana, fundi husema ni saa saba. Kiswahili huhesabu tangu macheo, na huku, ambako ikweta inapita kati ya Meru na Embu, macheo hayabadiliki sana mwaka mzima.

Kwa hivyo wanaosahihisha tafsiri wakubali 'fundi wa saa' na 'mtengenezaji saa', wala wasimkate mtoto alama. 'Mrekebishaji saa' nalo si kosa, ila sijasikia mtu akiitwa hivyo sokoni.