Bibi Alice Werner, mhariri wa tendi zetu za dini

Mtoto wa Kiislamu anayekulia Thika au Ruiru, kwa wazazi wa pwani waliofuata kazi bara, mara nyingi hana bibi jirani wa kumghania Utendi wa Mwana Kupona baada ya Isha. Akitaka kuujua utendi huo hana budi kuutafuta kitabuni. Lakini kitabu hakijipigi chapa chenyewe. Kati ya karatasi ya mtungaji na kitabu kilichokamilika husimama mtu ambaye wasomaji wengi hawamjui hata kwa jina, naye ni mhariri.

Miongoni mwa wahariri wa mwanzo wa tendi zetu alikuwamo mwanamke, tena mgeni. Yafaa tumjue, na yafaa vilevile tuipime kazi yake.

Maisha yake

Alice Werner alizaliwa Trieste mwaka 1859. Baba yake alikuwa Mjerumani, mwalimu wa lugha, na mama yake alikuwa Mwingereza. Utotoni alizungushwa nchi nyingi, zikiwamo New Zealand, Mexico na Marekani, kabla ya jamaa zake kutua Uingereza. Alisoma Cambridge katika chuo cha wanawake cha Newnham, na katika miaka ya 1890 alifika Nyasaland, ambayo siku hizi ni Malawi, na Natal. Kutoka huko hakuziacha tena lugha za Kiafrika.

Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 52, alikuja Afrika ya Mashariki kwa msaada wa fedha za chuo chake, akakaa hadi mwaka 1913. Alifika Lamu na visiwa vyake, akasikiliza na kukusanya. Habari za Pate alizozipata alizichapisha mwaka 1914 na 1915.

Kuanzia mwaka 1917 alifundisha katika Chuo cha Lugha za Mashariki mjini London, akafikia cheo cha profesa wa Kiswahili na lugha za Kibantu. Alistaafu mwaka 1930, akafariki mwaka 1935.

Kazi iliyomkabili

Si kazi nyepesi. Tendi zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na katika mwandiko wa zamani herufi moja ilibeba sauti kadhaa za Kiswahili. Herufi be ilisomwa b, na pengine p. Kwa hiyo neno moja kwenye karatasi laweza kuwa paa, yaani mnyama, au likawa baa, yaani balaa. Kasra nayo ilisimamia i na e pamoja, hata pita na peta zikafanana. Mwenyeji aliyeusikia utendi tangu utotoni hababaiki. Mgeni lazima aulize.

Zaidi ya hayo, nakala hazikulingana. Kila mwandishi aliyenakili aliweza kuacha ubeti au kubadili neno. Mhariri ndiye aliyeamua lipi liingie na lipi liachwe. Hapa Bibi Werner aliwategemea watu wa Lamu, na hasa Muhamadi Kijumwa, mshairi na mwandishi hodari aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya tendi nyingi kwa hati yake nzuri.

Matunda yake yapo. Utendi wa Mwana Kupona aliuchapisha mara ya kwanza mwaka 1917 katika jarida la Chuo Kikuu cha Harvard. Utendi wa Ayubu, unaosimulia subira ya Nabii Ayubu, ulitoka katika jarida la chuo chake kati ya mwaka 1921 na 1923. Kisa cha Mikidadi na Mayasa kilifuata mwaka 1932. Hatimaye, mwaka 1934, yeye na William Hichens wakautoa tena Utendi wa Mwana Kupona kama kitabu, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Kichwa cha kitabu

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mzaliwa wa Pate, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, yule aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Miaka miwili baadaye, naye akiwa mgonjwa, mjane wake alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi huu wa wasia.

Kitabu cha mwaka 1934 kilipewa kichwa cha Kiingereza kisemacho kwamba hayo ni mawaidha juu ya wajibu wa mke. Ni kweli, wajibu huo umo. Lakini Mwana Kupona anatanguliza dini, faradhi na sunna. Anafundisha adabu na ulimi mwema kwa watu. Mwisho anainua mikono kwa dua ndefu, akiwaombea wanawe, jamaa zake na Waislamu wote. Kichwa kile kilishika sehemu moja, na wengi waliokisoma waliyaona maneno ya mke mtiifu tu, wasimwone mcha Mungu anayejiandaa kuiaga dunia. Hivyo ndivyo mhariri awezavyo kuligeuza jicho la msomaji bila kubadili hata ubeti mmoja.

Kalamu yarudi nyumbani

Mwaka 1972 utendi huo ulitoka tena, safari hii mjini Nairobi, kwa kampuni ya Heinemann, pamoja na Utendi wa Ngamia na Paa. Wahariri walikuwa Bi Amina Abubakar Sheikh na marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu. Kichwa kilikuwa jina la utendi wenyewe. Kitabu cha aina hiyo, kilichotolewa Nairobi, kilikuwa karibu zaidi na msomaji wa Thika na Ruiru kuliko majarida ya London na Harvard.

Bibi Werner anastahili shukrani, kwani alichokichapisha hakikuliwa na mchwa. Lakini nyumba nyingi za pwani bado zina makasha yenye karatasi za mababu, na karatasi hizo zitamhitaji mtu wa kuzisoma. Atakayeifanya kazi hiyo vyema ni binti aliyefundishwa herufi zote mbili, za Kiarabu na za Kizungu, na aliyeketi na wazee akasikia jinsi neno linavyotamkwa. Tusipomwandaa sisi, mwingine atakuja kutuchagulia vichwa.