Sekunde ya Kwanza: Kipimo cha Mapafu kwa Mgonjwa Anayekohoa Muda Mrefu

Katika vijiji vya Chamwino, Bahi na Mpwapwa, mama aliyepikia kuni ndani ya nyumba kwa miaka 30 akianza kukohoa na kuhema anapobeba maji, hushukiwa kwanza kifua kikuu. Ndivyo ipasavyo, na makohozi lazima yapimwe. Tatizo huanza pale makohozi yanapoonekana safi, naye akaanzishiwa dawa za kifua kikuu kwa makisio, pengine zaidi ya mara moja, ilhali anaugua ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Ugonjwa huu haumpati mvutaji sigara pekee. Huletwa pia na moshi wa kuni, ambao ndani ya tembe yenye vidirisha vidogo hauna pa kutokea, na huweza kufuatia kifua kikuu kilichokwisha kupona.

Picha ya eksirei haitoshi kuuthibitisha. Kinachothibitisha ni spairometria. Mgonjwa huvuta hewa hadi mapafu yajae, hubana midomo kwenye bomba la mashine, kisha hupuliza kwa nguvu zote mpaka hewa iishe. Mashine hupima hewa yote iliyotoka, na ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza. Tuseme jumla ni lita 2.0 na sekunde ya kwanza imetoa lita 1.1, uwiano ni 0.55. Ukibaki chini ya 0.70 dakika 15 baada ya kuvuta salbutamoli, na dalili zipo, ugonjwa umethibitika. Vipimo vyote viwili vikishuka huku uwiano ukiwa wa kawaida, yafikiriwe mapafu yaliyosinyaa, labda kwa makovu.

Mashine pekee haitoshi. Nionavyo, nusu ya kipimo ni sauti ya mhudumu anayehimiza, "Puliza, puliza, endelea!" Zinahitajika pulizo 3 zilizo sahihi, na mbili zilizo bora zisipishane kwa zaidi ya mililita 150. Pulizo iliyoanza kwa kusitasita au kukatizwa na kikohozi ikataliwe, hata foleni ikiwa ndefu. Baada ya majaribio 8, mgonjwa apumzishwe.

Nawe mgonjwa, usivute sigara siku hiyo kabla ya kipimo, usile ukavimbiwa, na kanga iliyokaza kifuani ilegeze. Mweleze mhudumu kama umetema damu, umepata shambulio la moyo au umepasuliwa jicho hivi karibuni, kwani huenda kipimo kikaahirishwa. Itaje pia dawa ya kuvuta uliyoitumia asubuhi.